Kufundisha Habari za Kazi ya Ukandaji Katika Shule za Kariakoo na Bandarini

Mwanachuo apangiwapo mazoezi ya kufundisha katika shule za katikati ya Dar es Salaam, naye akatakiwa kufundisha somo lihusulo kazi, aghalabu huingia darasani na picha za daktari, rubani, mwalimu na askari polisi. Wanafunzi hutaja kazi wazitakazo, mwanachuo huziandika ubaoni, na kipindi huisha. Hatusemi kwamba somo la namna hiyo halina faida. Lakini nje ya dirisha la darasa hilo hilo wanapita watu wanaosukuma mikokoteni na kubeba magunia mabegani tangu alfajiri, na jioni wengi wao huenda kumtafuta mtu wa kuwakanda migongo na kuwachua mabega. Kazi ya huyo akandaye haimo katika picha za mwanachuo wetu, ingawa huenda ni kazi ya bibi au mjomba wa mwanafunzi aliyeketi dawati la mbele.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi kazi hiyo inavyoweza kufundishwa. Njia tunayoieleza tumeijaribu pamoja na wanachuo wetu katika madarasa ya juu ya shule za msingi na katika kidato cha kwanza na cha pili, wilayani Ilala. Hoja yetu kubwa ni kwamba somo hili halina budi kuegemea kwenye swali la mgonjwa yupi asiyepasa kukandwa. Mwalimu anayeanza na ufundi wa vidole na aina za mafuta huwafurahisha wanafunzi, lakini huwaacha na ujuzi unaoweza kumlemaza mtu. Mtoto wa Kariakoo atakandwa, au atamkanda nduguye, akitaka mwalimu asitake. Jambo hilo hufanyika majumbani kila siku, na kwa hiyo shule haina hiari ya kulinyamazia.

Mzigo kwanza, kisha mgongo

Somo lisianze na mgonjwa kabla ya kuanza na mzigo. Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na mzigo. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, katika vita vya kwanza vya dunia, hapo ndipo palipokuja kuwa kambi ya kikosi cha wapagazi, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na wenyeji wakalitamka jina hilo kwa namna yao. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mjini mwaka 1927, katika barabara iitwayo leo Samora, ina maandishi yanayowakumbuka wapagazi pamoja na askari. Shule zilizo karibu zinaweza kwenda kuisoma kwa miguu. Bandarini nako, kabla ya makasha na mashine kubwa za kupakulia, shehena ilipita juu ya migongo ya watu, na mgomo wa makuli wa mwaka 1947 ulianza kwa wafanyakazi hao kabla ya kuenea mbali na bandari. Historia hii isichukue zaidi ya dakika kumi. Kazi yake ni kumwonyesha mwanafunzi kwamba maumivu ya mgongo wa mchukuzi yana chanzo kinachoonekana, wala si bahati mbaya ya mtu mmoja.

Baada ya hapo mwalimu aingize hesabu. Pendekezo Na. 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linasema kwamba mwanamume mzima asibebeshwe kwa mikono mzigo unaozidi kilo 55. Nchini kwetu vipimo vya biashara huruhusu gunia la mazao lisilozidi kilo 100, na kila mtoto wa Kariakoo ameliona gunia la lumbesa, lile lililoshonewa kilemba juu, ambalo hupita kiasi hicho. Wanafunzi wakokotoe: mchukuzi akibeba gunia la kilo 100 mara ishirini kutoka kwenye lori hadi ghalani, amebeba tani ngapi? Kilo ngapi kati ya hizo zimezidi kiwango cha Shirika la Kazi? Jibu la kwanza ni tani 2, na la pili ni kilo 900. Darasa moja lilipopata jibu hilo la pili, mvulana mmoja aliuliza kwa nini basi mchukuzi apelekwe kwa mkandaji badala ya gunia kupunguzwa. Swali hilo ni zuri kuliko lolote tulilokuwa tumeliandaa. Mwalimu asilikwepe. Akubali mbele ya wanafunzi wake kwamba ukandaji humtuliza mtu aumwaye, lakini haupunguzi uzito wa gunia la kesho, na kwamba mkandaji mwema naye humweleza mteja wake jambo hilo.

Hapo pia ndipo mahali pa kusema ukweli kuhusu nguvu ya tiba yenyewe. Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya muda mrefu ya mgongo wa chini kwa watu wazima, na ukandaji umetajwa humo miongoni mwa mambo yanayoweza kutumika, pamoja na mazoezi ya viungo, elimu kwa mgonjwa na mengineyo. Lakini nafuu ya kukandwa aghalabu ni ya muda, na ushahidi wake si mzito. Mwanafunzi asitoke darasani akidhani mikono huponya kila kitu, wala asitoke akidhani ni upuuzi mtupu.

Kwa nini kusugua hutuliza? Maelezo yanayofaa kwa umri huu ni yale yaliyotolewa na Ronald Melzack na Patrick Wall mwaka 1965. Wataalamu hao walieleza kwamba katika uti wa mgongo pana kitu mfano wa lango: habari za maumivu hupita hapo zikielekea kwenye ubongo, na habari za mguso zikija kwa wingi lango hujifunga kwa kiasi fulani. Baadaye wataalamu wengine waliyarekebisha mengi katika maelezo hayo, lakini wazo la lango lingali linasaidia sana. Jaribio lake halihitaji kifaa chochote. Kila mwanafunzi ajifinye kidogo ngozi ya mkono wake, kisha asugue pembeni yake, aseme anasikiaje. Wote wamekwisha kufanya hivyo walipojigonga kiwiko, ila hawakujua kwamba lilikuwa jaribio la sayansi.

Neno mshipa

Katika somo zima, sehemu iliyotupa kazi nyingi na faida nyingi ni ya lugha, nasi twaomba mwalimu asiipite haraka.

Mkandaji na mteja wake huzungumza Kiswahili, na katika Kiswahili cha mitaani neno moja, mshipa, hubeba mambo mengi mno. Mshipa ni njia ya damu. Mshipa ni neva, ambayo vitabu huiita mshipa wa fahamu. Mshipa ni kano, ule ugwe unaoshika msuli kwenye mfupa. Mara nyingine mshipa ni msuli wenyewe. Tena mtu asemapo kwamba ana mshipa, huenda anasema kwa haya kwamba ana ngiri. Mteja akilalamika, “Mshipa umenipanda,” mkandaji anayesikia msuli uliokaza hutia mafuta na kuanza kuchua. Ikiwa mteja alikusudia ngiri, kuminya tumbo lake ni hatari. Na ikiwa ni damu iliyoganda ndani ya mshipa wa kigimbi, kuchua kwaweza kulisukuma donge lile hadi kwenye mapafu na kumwua mtu.

Mwalimu achore ubaoni mguu mmoja mkubwa, bila ufundi mwingi, aonyeshe mfupa, msuli, kano, njia ya damu na neva kwa chaki za rangi mbalimbali. Kisha awape wanafunzi sentensi za watu wa mtaani kwao zenye neno mshipa, nao waamue kila moja yaelekea kwenye rangi ipi. Zipo sentensi ambazo haziamuliki, na hizo ndizo zenye mafunzo zaidi, kwa sababu mwanafunzi hulazimika kutunga swali la kumwuliza msemaji: Wapi hasa? Tangu lini? Kumetokea nini kabla yake? Pamevimba? Mguu mmoja au yote miwili? Wanafunzi walipokwisha kutunga maswali yao tuligundua kwamba wameandika, bila kujua, maswali ambayo tabibu huanza nayo. Basi somo la Kiswahili na somo la sayansi yalikutana mahali pasipo na mwaliko wa kitabu cha kiada.

Inafaa vilevile kutenganisha vitenzi vya kazi yenyewe, maana lugha yetu ni tajiri hapa kuliko watu wadhaniavyo. Kukanda ni kubonyeza na kuachia kwa kiganja au kitambaa cha maji ya moto, kama afanyiwavyo mzazi baada ya kujifungua. Kuchua ni kupitisha mkono kwa nguvu juu ya msuli, mara nyingi kwa mafuta ya nazi, ya ufuta au ya nyonyo. Kusinga ni kupaka na kusugua mwili kwa vitu vya kunukia, na watu wa pwani hulihusisha neno hili na maharusi zaidi kuliko wagonjwa. Kutomasa ni kubonyeza kwa ncha za vidole ili kutambua palivyo laini au pagumu. Anayeunga mifupa ni mtu mwingine tena, na hatari zake ni nyingine. Huko Ulaya, Mholanzi Johan Georg Mezger alipoupanga ukandaji kwa utaratibu katika karne ya 19, aina za mikono yake zilipewa majina ya Kifaransa ambayo vyuo vya ng'ambo hufundisha hadi leo. Mwanafunzi wetu hana haja ya kuyakariri. Anayo ya kwake yanayotosha kuanzia.

Mikono bila kugusana

Wanachuo wengi, wakisikia kwamba somo ni ukandaji, hupanga wanafunzi wawili wawili ili wakandane mabega. Tunalikataa jambo hili kabisa. Darasa lina wavulana na wasichana walio katika umri wa kubalehe, lina watoto ambao pengine wameguswa vibaya na wakubwa, tena mwalimu mmoja mbele ya wanafunzi sabini hawezi kuona kila mkono ulipo. Kanuni yetu ni kwamba hakuna mwanafunzi anayegusa mwili wa mwenzake, wala mwalimu hamgusi mwanafunzi. Kanuni hiyo isemwe wazi mwanzoni mwa kipindi, na sababu yake itolewe bila kuzunguka, kwa kuwa hiyo nayo ni sehemu ya kazi: mkandaji wa kweli huomba ruhusa kabla ya kugusa, humfunika mteja sehemu asiyoishughulikia, na akiambiwa aache, huacha.

Badala ya miili tulitumia unga. Lugha imekwisha kutufungulia njia, kwa maana unga nao hukandwa. Donge la unga wa ngano lililokandwa kama la chapati hueleza mengi juu ya mkono. Mkono wa pupa hulichana, na mkono wa woga haulibadilishi. Kila kundi lifiche kokoto tatu ndani ya donge lake, kundi jingine lizitafute kwa kutomasa huku wamefumba macho, bila kulitoboa donge. Unga huo ukishachafuka haufai kuliwa, na shule iliyo na wasiwasi wa kuharibu chakula itumie udongo wa mfinyanzi.

Kifaa cha pili ni mizani ya dukani. Mwanafunzi aweke kiganja juu ya sahani ya mizani, abonyeze mpaka mshale ufike kilo 2, kisha kilo 5, kisha afumbe macho na kujaribu kurudia kilo 2 bila kuona. Wengi hupita. Wavulana hupita zaidi, nao hupenda kushindana nani atafikisha kilo nyingi. Mwalimu aigeuze mashindano hayo yawe ya nani atarudia kilo 2 mara tano mfululizo. Zoezi hili hufundisha jambo ambalo maneno hayalifikishi, kwamba maumivu makali wakati wa kukandwa si dalili ya tiba kuingia. Imani ya kwamba “ukilia ndiyo dawa” imeenea mjini, na inawaumiza watu.

Kadi za wagonjwa

Hiki ndicho kiini cha somo. Mwalimu aandae kadi kumi hadi kumi na tano, kila moja ikiwa na maelezo mafupi ya mgonjwa wa kubuni. Ubaoni achore safu tatu: Kanda, Ngoja, Peleka. Kila kundi lichukue kadi, lijadili, libandike, na litetee uamuzi wake mbele ya darasa.

Baadhi ya kadi tulizotumia ni hizi. Mchukuzi wa miaka 25 ambaye mabega yake yamekaza baada ya siku ya kubeba viroba, hana homa, anatembea vizuri. Mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita, kigimbi kimoja kimevimba, ni cha moto na chauma. Kijana aliyeanguka kutoka kwenye mkokoteni, kifundo cha mguu kimevimba saa ile ile na hawezi kukanyaga. Mzee aumwaye mgongo kwa miezi mitatu, anakonda, na usiku hutoka jasho jingi. Mtoto wa miaka mitano anayelia viungo vyauma, macho yana manjano, na amewahi kuongezewa damu. Mwanamke aumwaye kiuno, na tangu jana hasikii vizuri sehemu za siri na mkojo unamtoka. Mwanamume aumwaye kifua na mkono wa kushoto, anatoka jasho la baridi. Mshona nguo ambaye shingo yauma kwa kuinamia cherehani kutwa.

Katika orodha hiyo wawili tu ndio wa kukandwa, mchukuzi na mshona nguo. Wanafunzi hushangaa. Mwalimu aeleze kila kadi kwa utulivu. Mzee yule huenda ana kifua kikuu cha pingili za mgongo, na kumkanda ni kumchelewesha. Mtoto huenda ana selimundu, maradhi ya damu ambayo nchi yetu ina watoto wengi wenye kuyazaliwa nayo. Mwanamke asiyeweza kuzuia mkojo apelekwe hospitali siku ile ile, kwani neva zilizobanwa zikikawia hazirudi hali yake. Yule wa kifua hatakiwi hata kusubiri zamu.

Kuhusu kiwiko cha mtoto tuliongeza kadi maalumu, maana hapa ndipo familia nyingi hukosea kwa nia njema. Mtoto ameanguka, kiwiko kimevimba na hakinyooki, na bibi anamchua kila asubuhi kwa maji ya moto na mafuta ili kikunjuke. Wataalamu wa mifupa huonya kwamba kuchua kwa nguvu namna hiyo kwaweza kuufanya msuli uliojeruhiwa uote mfupa ndani yake, na kiungo kikakaza kabisa. Mwanafunzi mmoja alituambia baada ya kipindi kwamba mdogo wake yumo katika hali hiyo wakati ule ule. Tulimwomba mwalimu wa darasa aende nyumbani pamoja naye kuzungumza na wazazi. Mwalimu atakayefundisha somo hili ajiandae kwa habari za namna hiyo. Ajue zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na asidhani kwamba kadi ni mchezo tu.

Safu ya Ngoja ndiyo inayozaa mabishano. Kifundo cha mguu kilichovimba, mathalani, makundi mengi hukitia humo. Hilo si kosa kubwa, ila kwa kuwa kijana hawezi kukanyaga, apelekwe kupigwa picha ya mfupa kwanza. Tunashauri mwalimu asiwe mwepesi kutoa jibu lake. Wanafunzi wagombane kwa hoja kwa dakika chache.

Mgeni darasani

Ikiwezekana, mwalimu amwalike mkandaji halisi wa mtaani. Sisi tulimwalika mzee mmoja wa upande wa Gerezani, ambaye amekuwa akiwakanda wachukuzi kwa miaka mingi. Matayarisho ni muhimu zaidi kuliko ziara. Mwalimu amtembelee mgeni kabla, amweleze kwamba hatauza dawa darasani wala hatamkanda mtu, na wanafunzi waandike maswali yao siku moja kabla.

Walianza kwa shikamoo ya pamoja, naye akaitikia marahaba akiwa amesimama, jambo lililowafurahisha. Maswali ya kwanza yalikuwa ya kawaida: alijifunza kwa nani, anatumia mafuta gani, analipwa kiasi gani. Kisha msichana mmoja akauliza swali tulilokuwa tumelifanyia mazoezi na wanachuo: “Babu, ni mgonjwa gani uliyemkataa?” Mzee alikaa kimya kidogo. Akasema, “Mjukuu wangu, mwenye goti la moto na homa simgusi. Mwenye kuvunjika simgusi. Na aliyekuja na pombe kichwani, huyo nitamwumiza na hatasema.” Hili la tatu halikuwamo katika kadi zetu. Mlevi hasikii maumivu sawasawa, na kwa hiyo mkandaji hana kipimo. Tuliitengeneza kadi yake jioni ile.

Si kila asemalo mgeni litakuwa sahihi. Mzee wetu alieleza pia kwamba maji ya moto sana ndiyo yamfaayo mzazi, na darasani hatukumpinga kwa ukali. Mwanachuo aliyefundisha alimwuliza kwa heshima jinsi anavyopima joto la maji, mzee akaonyesha kwamba hutia kiwiko chake kwanza, na mwanachuo akalishika hilo: maji ambayo kiwiko hakiyavumilii yataunguza tumbo la mzazi, na mwenye mshono wa upasuaji asikandwe tumbo bila ruhusa ya hospitali. Mgeni hakuaibishwa, na wanafunzi hawakuachwa na kosa. Kumsahihisha mkubwa mbele ya watoto kunahitaji adabu, na mwanachuo asiyeiweza bado ni afadhali asimwalike mgeni mwaka huu.

Njia za kuifikia kazi

Wanafunzi wataka kujua: mtu huishije kwa kazi hii? Mfano ulio karibu nao zaidi ni mpira. Makao ya Simba yako mtaa wa Msimbazi, na ya Yanga yako Jangwani, yote katika eneo la Kariakoo, na hakuna mtoto wa huko asiyejua maana ya mchua misuli, yule anayeketi kwenye benchi pamoja na kocha na daktari wa timu. Tangu hapo mwalimu apanue: hoteli za pwani na za Zanzibar huajiri wakandaji, hospitali huajiri wataalamu wa tiba ya viungo, ambao hukanda kidogo na kuwafanyisha wagonjwa mazoezi zaidi. Mafunzo ya tiba ya viungo yametolewa kwa miongo kadhaa katika hospitali ya KCMC huko Moshi, na aendaye huko hutakiwa kufaulu masomo ya sayansi. Kwa mwanafunzi anayedharau biolojia, habari hii ina nguvu kuliko fimbo.

Anayetaka kutibu kwa njia za asili au tiba mbadala anayo sheria yake, Sheria Na. 23 ya mwaka 2002, iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ambalo husajili waganga na kuwasimamia. Muhimbili, ambako kitengo cha kuchunguza dawa za asili kiliundwa mwaka 1974 na kuwa taasisi mwaka 1991, imefanya mengi kuhusu mimea. Kwa maoni yetu mikono ya wakandaji inastahili uchunguzi kama huo.

Kuna jambo la aibu ambalo mwalimu atakutana nalo. Mjini neno masaji limechafuka, na wanafunzi wakubwa watacheka. Afadhali mwalimu asikasirike, bali awape habari ya London. Mwaka 1894 jarida la madaktari wa Uingereza lilifichua kwamba baadhi ya nyumba zilizojiita za ukandaji zilikuwa madanguro. Mwaka huo huo wauguzi wanne wanawake walianzisha chama cha wakandaji waliofunzwa, wakaweka mitihani, na wakakubaliana wasikande mgonjwa pasipo maelekezo ya daktari. Chama hicho kilipata hati ya kifalme mwaka 1920, na tangu 1944 kimekuwa chama cha wataalamu wa tiba ya viungo cha nchi hiyo. Waliosafisha jina la kazi hiyo walikuwa wafanyakazi wenyewe. Wanafunzi waulizwe: wakandaji wa Kariakoo wakitaka kufanya hivyo, wangeanza na kanuni zipi tatu? Majibu ya darasa moja yalikuwa mlango usifungwe kwa komeo, bei ibandikwe ukutani, na wa safu ya Peleka wasitozwe fedha.

Wenye shule zinazochanganya wanafunzi wasioona na wanaoona, kama ilivyo Uhuru Mchanganyiko hapa Dar es Salaam, watapenda kujua kwamba Japani katika karne ya 17 kipofu Sugiyama Waichi alianzisha shule za kuwafundisha vipofu wenzake kazi za tiba ya mikono na sindano, na kwamba Korea Kusini leseni ya ukandaji imehifadhiwa kwa wasioona, jambo ambalo mahakama ya katiba ya nchi hiyo ililikubali mwaka 2008. Mfano huu utumiwe kwa tahadhari. Mwanafunzi asiyeona aweza kuwa mwanasheria au mwalimu wa hesabu, na si haki kumwonyesha mlango mmoja tu. Hata hivyo, katika zoezi la kokoto ndani ya unga, mwanafunzi wetu mmoja asiyeona alimaliza kabla ya kundi lolote, na wenzake wakamwomba awafundishe.

Kupima

Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeipa elimu ya amali nafasi kubwa, na mwalimu anaweza kulipanga somo hili humo au katika sayansi. Jaribio lisiulize aina za mafuta. Tulitumia maswali mawili. La kwanza lilikuwa sentensi, “Mshipa wa mguu umenikaza tangu nilipotoka hospitali,” na mwanafunzi alitakiwa kuandika maswali manne ambayo angemwuliza msemaji kabla ya kumgusa. La pili lilimtaka aandike maneno ambayo mkandaji atamwambia mteja maskini aliyekuja na nauli tu mkononi, ambaye hapaswi kukandwa bali kupelekwa hospitali. Swali hili la pili lina alama kumi: nne kwa kutaja hatari kwa usahihi, tatu kwa lugha ya heshima ambayo haimtishi mteja, na tatu kwa kueleza aende wapi na kwa njia gani. Mwanafunzi aliyeandika kwamba mkandaji amrudishie mteja fedha yake na kumsindikiza hadi kituo cha daladala tulimpa zote kumi.